Mluzi wa Jilala

Kwa wiki nne Ifakara nzima ilimchukia Jilala, na wiki ya tano ikamlilia. Na huyo Jilala hakuwahi kuwepo. Alikuwa kijana wa kutungwa tu, mchunga ng'ombe wa miaka kumi na sita katika mchezo wa redio uliorushwa kila Alhamisi saa kumi alasiri, lakini ungewasikia akina mama wa sokoni wanavyomlaani ungedhani amekanyaga nyanya zao. Muuza perege mmoja aliapa kwamba akimtia mkononi atamkaanga na magamba yake. Yule kijana aliyeigiza sauti yake, mwalimu wa chekechea asiyeweza kuua hata siafu, ilibidi abadilishe kinyozi.

Kosa lenyewe lilifanyika siku ya kwanza ya mchezo. Jilala aliingiza ng'ombe kwenye mpunga wa mzee mmoja. Mzee akapiga kelele, akarusha madongo kwa kombeo, dongo moja likampofua ng'ombe jicho. Jilala alingoja mpaka mzee akapanda kujilaza kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu hukaa kuamia ndege mpunga unapoiva. Akaondoa ngazi, akaiweka mbali kwa utaratibu. Ndipo akawasha moto nyasi za chini.

Moto watu wangeweza kuumeza, maana hasira za ng'ombe na mpunga katika bonde hili hazijaanza leo. Ngazi ndiyo iliyowashinda. Mtu aliyeondoa ngazi, walisema, alikuwa na muda wa kufikiri.

Nyamizi aliisikia sehemu hiyo ya kwanza akiwa kwenye baraza ya duka la mzee Mbaruku pale Mlabani, mguu kwenye pedeli ya cherehani, akishona sare ya kwaya. Ilipofika kwenye ngazi, mguu ulisimama. Sindano ilibaki imezama kwenye kitambaa. Ngazi ile aliijua. Ilikuwa ya miti ya msituni, imefungwa kwa kamba za katani, na aliyeiondoa hakuitwa Jilala, aliitwa Shilinde, mdogo wake wa tumbo moja. Ilikuwa miaka sita iliyopita, kule Katindiuka. Na duniani kote Nyamizi alikuwa amemsimulia mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa ndani ya duka wakati huohuo, anapima sukari huku anatabasamu, kwa sababu mchezo ule aliutunga yeye.

Asmahani, binti wa Mbaruku, alikuwa rafiki wa Nyamizi kwa mwaka wa tano sasa. Ndiye aliyemwambia baba yake ampe yule mgeni wa Kisukuma kona ya baraza aweke cherehani. Aliporudi nyumbani kutoka Kilosa na talaka yake mkononi, hakumfungulia mtu mlango siku tatu ila Nyamizi. Alimweleza aibu zote za ndoa ile, hata zile ambazo mama yake hakuzijua. Sasa mtu akikufungulia moyo hivyo, utakaa mikono mitupu? Nyamizi alitafuta ndani yake kitu chenye uzito uleule ampe mwenzake, akakipata, akampa. Alimwambia habari za Shilinde.

Alimweleza na yaliyofuata. Mzee aliruka kutoka juu na moto ukiwa umemshika, akavunjika mguu, miguu yote miwili ikaungua. Shilinde hakukimbia. Alisimama pembeni ya majaruba ya mpunga akapiga mluzi kukusanya ng'ombe wake, taratibu, mmoja mmoja, huku mzee analia. Moshi ulikuwa mwingi, mzee hakuiona sura ya mtu. Wiki ileile baba yao alihamisha kundi ng'ambo ya mto kuelekea Malinyi, na Shilinde akaletwa mjini kwa dada yake, akafundishwa useremala. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anapiga randa mbao za mitiki huko Lipangalala, na tangu siku ile hajapiga mluzi tena.

Kwa hiyo Nyamizi aliacha sare ya kwaya palepale, akaingia dukani, akauliza kwa sauti ndogo kama mwenzake amerukwa na akili.

Asmahani hakukana. Alisema jina amebadilisha, kijiji amebadilisha, mzee amempa wajukuu ambao yule wa kweli hana. Nani atajua? Halafu akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mwenzake mabega. "Nyami, nisikilize. Sasa hivi wanamchukia, ndiyo. Lakini sehemu ya tano nitawarudisha utotoni kwake. Watamlilia. Watapiga simu waseme anastahili kuhurumiwa au hastahili, na mimi najua watasema nini. Hutaki kusikia watu wa hapa wakimhurumia mdogo wako, hata kama hawamjui?"

Hapo ndipo alipomnasa. Maana Nyamizi alitaka. Miaka sita amempikia ugali mtu ambaye akisikia pikipiki ya polisi anaacha kutafuna, na hakuna hata siku moja aliyosikia mtu wa bonde hili akisema neno zuri juu ya mtoto yule. Alitaka kiasi cha kuona aibu.

Basi akawa anampelekea Asmahani mambo zaidi, kidogo kidogo, akiwa anatia uzi. Kwamba Shilinde alianza kulala porini na ng'ombe akiwa na miaka saba. Kwamba jioni baba aliwahesabu, na aliyekosekana alilipwa kwa mgongo wa mtoto. Kwamba kwa ng'ombe aliyepofuka jicho, Shilinde alijua fika kinachomngoja nyumbani. Akampa hata lile ambalo halikuwa lake kulitoa. Siku ya tatu baada ya moto, Shilinde alimtokea kutoka kwenye magugu, akamwekea kichwa mapajani na kulia mpaka akatapika, akiuliza kama yule babu amekufa. Mchana mmoja akampigia hata ule mluzi, midomo yake mwenyewe, ili Asmahani asikie mtoto alivyokuwa akiita ng'ombe gizani kwenye matete. Asmahani akasema mzuri mno, rudia, akaweka simu yake karibu. Nyamizi akarudia.

Sehemu ya tano ilirushwa, na Asmahani hakuwa amejisifu bure. Muuza perege alilia waziwazi, akafutia machozi upande wa kanga. Mafundi pikipiki walizima injini. Simu zilipoanza kupigwa redioni, wengi walisema ahurumiwe, wachache wakang'ang'ania ngazi. Mmoja wa hao wachache aliuliza kwani watoto wangapi wamechapwa na hawajamchoma mtu, na mtangazaji akapokea simu nyingine.

Kisha ikaingia sauti ya mzee, ya polepole, yenye kikohozi.

"Mimi naitwa Kelestini, wa Katindiuka. Mimi mwenyewe nilichomewa dungu, miaka sita sasa, na ngazi niliondolewa hivyohivyo. Mtu aliyenifanyia namchukia mpaka leo, sifichi. Lakini huyu mtoto wa kwenye mchezo, nimesikia alivyolala kwenye matete na ng'ombe. Nimesikia alivyolia. Huyu nimemhurumia. Andikeni hivyo, mzee Kelestini kasema ahurumiwe."

Nyamizi alikaa chini kwenye sakafu ya baraza, cherehani ikamficha. Alilia kilio ambacho hakukijua, cha mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Asmahani alichuchumaa karibu yake akamshika mkono. "Umesikia?" akanong'ona. "Amemsamehe." Wote wawili walijua mzee yule ni nani. Hakuna kati yao aliyejiuliza kama mzee naye anajua anamhurumia nani.

Wiki nzima Nyamizi alitembea mwepesi. Alimpikia Shilinde wali kwa kuku siku ya kazi, na Shilinde akauliza kuna nini, akasema hakuna.

Alhamisi ya mwisho ikafika. Mtayarishaji wa mchezo alikuwa amemwambia Asmahani kwamba sehemu ya mwisho inahitaji kitu cha kushika masikio mwanzoni, na Asmahani akakumbuka kilichokuwa kwenye simu yake. Hakuomba ruhusa. Kwake mluzi ni mluzi tu. Mtoto wa duka, aliyekua kati ya magunia ya unga na ndoo za plastiki, angejulia wapi? Kwa wafugaji kila mchungaji ana wake. Huutunga mwenyewe akiwa mdogo, na ng'ombe wake huufuata huo na si mwingine, hata makundi kumi yakichanganyika mnadani. Kumpigia mtu mluzi wake hadharani ni kumtaja jina la baba na la ukoo.

Saa kumi kamili, redio zote za Ifakara zikapiga mluzi wa Shilinde. Mara mbili fupi, moja ndefu inayopanda, kisha ikakatika ghafla. Nyamizi alitambua pumzi zake mwenyewe ndani yake.

Hakusikia mchezo ulivyoisha. Shilinde alifika kabla haujaisha, vumbi la mitiki kwenye nyusi, penseli bado sikioni. Kule karakana anakofanya kazi nako kulikuwa na redio. Hakuingia dukani wala hakumtazama Asmahani. Alisimama mbele ya cherehani.

Nyamizi alianza kueleza, kwamba jina lilibadilishwa, kwamba watu wamempenda, kwamba hata yule mzee alipiga simu akasema ahurumiwe. Shilinde alimwacha amalize.

"Dada, moto ni wangu," akasema. "Ungeusema kwa polisi, ungeusema sokoni, ningekaa kimya. Lakini kule kulia nilikupa wewe."

Akageuka akaondoka. Nyamizi akabaki na mkono hewani. Baadaye alisema kwamba angepigwa kofi ingekuwa afadhali, maana kofi unajua pa kushika.

Kesho yake asubuhi, duka halijamaliza kufungua milango, bodaboda ilisimama na mzee akashushwa. Alishuka kwa hatua tatu, fimbo, mguu, mguu. Suruali ilikuwa fupi, na chini yake ngozi iling'aa, imejikunja. Nyamizi hakuwa amewahi kumwona. Aliinuka kabla hajajua anainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mtunzi wa ule mchezo."

Asmahani alitoka akifuta mikono, akamsalimu, akamletea kigoda. Mzee Kelestini hakukaa. Alisema hakuja kwa ugomvi. Jana alikuwa shambani na redio yake ndogo, akasikia ule mluzi. Alisema siku ile ya moto hakuona uso, moshi ulimnyima, lakini mluzi aliusikia mpaka mwisho. Ameusikia miaka sita, anapolala na anapoamka. Hakuwahi kumpigia mtu yeyote mluzi huo, hata polisi, maana aliona haya, mtu mzima kwenda kituoni kupiga mluzi. Kwa hiyo aliuliza, kwa upole uleule, mtunzi ameutoa wapi.

Hapo Nyamizi alimwangalia rafiki yake, na katika macho yake hakuwa na ombi kubwa. Alitaka aseme tu, tuliyatunga sisi wawili, mzee. Alitaka asiachwe peke yake.

"Mimi niliandika tu," Asmahani akasema. Alinyoosha kidole. "Hadithi ni ya huyu. Muulize Nyamizi."

Siku tatu nyuma ya mlango uliofungwa, aibu zote za Kilosa, Nyamizi alikuwa amezifunga moyoni bila kumwonyesha hata Mungu. Na yeye alikuwa ameuzwa kwa kidole kimoja, kabla chai haijapoa. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Alipotaka kumgeukia Asmahani amwambie maneno yake, alikumbuka nani aliyewahi kumnyooshea kidole mtu asiyekuwepo kujitetea, akamgeukia mzee.

"Ni mdogo wangu, mzee," akasema.

"Yuko hai?"

"Yupo."

"Miguu yake mizima?"

Nyamizi alitazama fimbo ya mzee. "Mizima."

Mzee Kelestini aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa bei aliyoitegemea. Kisha akasema jambo ambalo Nyamizi hajalisahau. Alisema ile wiki ya simu alimwazia Jilala mchezo mzima kabla hajapiga simu. Alibishana na nafsi yake. Haikuwa rahisi kwake, mtu mwenye miguu hii, kumhurumia mwenye moto, na alipofaulu alijiona amekuwa binadamu tena. "Kumbe mlikuwa mnajua," akasema. "Mlikaa hapa mkaniombea huruma bila kuniambia mnamwombea nani. Yule aliniondolea ngazi tu. Nyie mmeniingia ndani."

Akamwita bodaboda. Asmahani alikuwa amesharudi nyuma ya kaunta.

Nyamizi alikwenda nyumbani akakuta kitanda cha Shilinde kimetandikwa na viatu vya kazi vimepangwa mlangoni. Hakuhitaji kuuliza. Alishika njia ya Katindiuka kwa miguu, mchana wa jua kali, mpunga umeiva pande zote na ndege kwelea wanapita kwa makundi juu yake.

Aliwaona kwa mbali. Dungu lilikuwepo, jipya, la kijana wa jirani, lakini mzee Kelestini alikaa chini kwenye kiti cha plastiki juu ya tuta, mwavuli umefungwa kwenye mti, kombeo na chungu ya madongo pembeni. Juu hajapanda tena. Shilinde alikuwa amepiga magoti mbele yake, peku, kwenye tope. Nyamizi alisimama hatua chache nyuma, na hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza.

Shilinde alikuwa ameshasema yote. Alisema kwa kifupi, mzee alimsimulia Nyamizi baadaye, wala hakutaja baba, wala matete, wala jicho la ng'ombe. Alisema, babu, ni mimi, ngazi niliondoa nikijua.

"Piga," mzee akasema.

Shilinde hakuelewa.

"Ule mluzi. Piga."

Midomo ilikataa mara ya kwanza, ikatoa upepo tu. Miaka sita. Mara ya pili ilitoka, mbili fupi, moja ndefu, ikakatika. Mzee alikuwa amefumba macho na mikono imeshika magoti. Nyamizi aliona ngozi ile ya miguu ikisisimka.

"Ndio wenyewe," akasema mzee Kelestini, akafumbua macho. Alimtazama Shilinde kwa muda, usoni, kama mtu anayetafuta kitu alichowahi kukiona hapo. "Nimejaribu. Tangu umefika nakutazama, namtafuta yule mtoto wa redioni ndani yako, nimpe tena. Simwoni. Nakuona wewe. Huruma niliyokuwa nayo nilishampa yule, sina nyingine."

"Sijaja kuomba huruma, babu."

"Hilo nashukuru. Maana wenzako walikuja kuichukua bila kuniambia."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Kama angepewa nafasi ya kusema angesema nini? Kwamba alifanya kwa upendo? Asmahani naye angesema hivyohivyo.

Mzee alisema kama atakwenda polisi au hatakwenda, bado hajui, na asiulizwe leo. Shilinde alijibu kwamba anafanya kazi Lipangalala, kwenye karakana ya mbao karibu na mashine ya kukoboa, na hataondoka.

Wakati huo kundi la kwelea likageuka juu yao na kushuka, maelfu, wakaingia kwenye jaruba la mzee hatua ishirini kutoka pale. Mabua yakainama. Mzee alianza kujiinua kutoka kwenye kiti, fimbo, mguu, na mguu wa pili ukagoma. Shilinde alishaokota kombeo, dongo liko ndani, mkono umepanda.

"Weka chini," mzee Kelestini akasema.

"Babu, wanamaliza."

"Weka chini. Acha wale."

Shilinde aliweka kombeo juu ya tuta, pale lilipokuwa. Mzee alirudi kukaa. Nyamizi alisogea akasimama karibu na mdogo wake, na mdogo wake akasogea hatua moja mbali naye. Wakabaki hivyo wote watatu, wakiwasikiliza ndege wanavyopukuchua mpunga, mpaka waliposhiba wakaruka wenyewe.